Vita vya Kagera vilitugharimu nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, vijana wa nyumbani kwetu Bukoba huanza kuniuliza mambo ya Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Zamani waliuliza nani alimpiga nani. Siku hizi wanauliza fedha: ziliingia ngapi, zilitoka wapi, nani alilipa. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mwaka. Ukitaka kujua vita hufanya nini kwa nchi, vita hivi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu vilikuwa vifupi, tulivishinda, na bado tuliumia.

Kwa kifupi, vilianzaje?

Januari 25, 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote wa Uganda, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere hakumtambua Amin, na Obote akapewa hifadhi Dar es Salaam. Mwaka 1972 wakimbizi wa Uganda waliingia kwao kwa silaha wakitokea Tanzania, wakashindwa, na uadui ukabaki. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin likavuka mpaka na kushika eneo lote hadi Mto Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Siku ya pili yake Nyerere alihutubia taifa, na maneno yake matatu kila mtoto wa shule anayajua: sababu, nia, uwezo.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mapema Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Uganda na Sudan. Jumla ni miezi saba hivi.

Waliokuwa mpakani walipoteza nini?

Wao ndio waliolipa kwanza, na kwa kawaida ndio wanaotajwa mwisho. Raia wanaokadiriwa 1,500 waliuawa. Ng'ombe wapatao 12,000 waliswagwa kuvushwa mpaka, wengi wa ranchi ya Missenyi. Mashine za kiwanda cha sukari zilifunguliwa na kubebwa. Daraja la Kyaka lililipuliwa. Hadi leo ukipita Kyaka utaona magofu ya kanisa lililopigwa mabomu yamesimama juu ya kilima.

Ng'ombe kwa mtu wa Missenyi si nyama. Ni mahari, ni ada ya shule, na ni mbolea ya mgomba. Shamba la migomba la Kihaya hulishwa samadi miaka nenda rudi, na likikosa samadi linazeeka mapema kuliko mwenye shamba. Hasara ya namna hiyo haiingii kwenye hesabu ya wizara yoyote. Waliokimbia kusini ya mto walirudi wakakuta nyumba hazina mabati, na migomba imemezwa na majani.

Hata jina la mkoa lilibadilika. Kabla ya vita tuliitwa Ziwa Magharibi. Kagera tuliitwa 1979.

Serikali ilitumia kiasi gani?

Kadirio linalotajwa zaidi ni dola milioni 500. Dola moja wakati ule ilikuwa shilingi 8 na senti, kwa hiyo zungumzia zaidi ya shilingi bilioni 4 za enzi hizo, katika nchi iliyokuwa ikitegemea kahawa, pamba, katani na korosho kupata fedha za kigeni.

Lakini namba hiyo inaficha mambo. Jeshi lilikuwa na watu chini ya 40,000. Ndani ya miezi michache lilivimba hadi zaidi ya 100,000, mgambo wakiwa wengi. Kila mmoja alihitaji buti, sare, chakula na usafiri. Malori na mabasi ya kiraia yalichukuliwa kupeleka watu na mizigo mbele. Sasa fikiria pamba ya Shinyanga imevunwa na kurundikwa ghalani wakati lori la kuibeba liko Masaka, Uganda, na matundu ya risasi. Hasara ya pamba ile imo kwenye zile milioni 500? Haimo. Wala haimo gharama ya kuweka maelfu ya askari Uganda hadi 1981, baada ya vita kwisha, kwa sababu nchi ile haikuwa na polisi wala jeshi la kuaminika.

Msaada? Msumbiji ilileta askari, na silaha zilitoka kwa marafiki wachache. Kwa fedha taslimu, mzigo karibu wote ulikuwa wetu.

Basi ni vita vilivyoua uchumi wa Tanzania?

Hapana, ingawa jibu hilo lilitufaa sana. Kwa miaka mingi mtu akilalamikia sukari aliambiwa "vita vya Amin", na mjadala ukaishia hapo.

Tazama kalenda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na ghafla tulihitaji shirika letu la ndege, reli zetu, simu zetu, bandari zetu. Mwaka huohuo bei ya kahawa duniani ilianza kushuka kutoka kileleni, palipofikiwa baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa 1976, na mkulima akabaki na mamlaka za mazao zilizochelewa kumlipa. Halafu 1979, mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya mafuta zaidi ya mara mbili. Vita viliangukia katikati ya hayo yote.

Mimi husema hivi: uchumi ulikuwa mgonjwa mwenye homa ambaye bado angeweza kunywa dawa akapona. Vita vilichukua fedha ya dawa. Bila vita shida ingekuja, ila tungekuwa na akiba ya kuipokelea.

Kufunga mkanda kulikuwaje hasa?

Baada ya vita Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wa sasa wakisikia "miezi kumi na nane" hucheka bila kufurahi. Haikuisha hata baada ya miaka mitano.

Shangazi yangu alikuwa Dar es Salaam. Anasimulia kwamba ilikuwa unaamka alfajiri kwenda duka la kaya, unakuta foleni ya mawe. Kila jiwe lina mwenyewe: huyu ameacha tofali, yule kikapu chenye kipande cha kanga kukitambulisha, wenyewe wamerudi kulala. Asubuhi duka likifunguliwa ugomvi unaanza, maana mtu amesogeza jiwe la mwenzake. Ukifika mbele unaandikiwa kwenye kadi: sukari kilo moja, sabuni mche mmoja, wiki hiyo basi. Siku nyingine unafika mbele unaambiwa kilichobaki ni viberiti. Walifulia majani ya mpapai. Betri za redio zilianikwa juani zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Miguuni watu walivaa katambuga, viatu vya tairi. Mwilini walivaa kafa Ulaya, yaani mitumba, kama mtu amebahatika kuipata. Unga ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada, na watani wakauita "yanga", jambo lililowapa mashabiki wa Simba sababu nyingine ya kutoupenda.

Shangazi husema kilichomuuma si njaa. Kilichomuuma ni kujifunza kumnyenyekea muuza duka. Mtu aliyekuwa akimwita "kijana" sasa alikuwa "mzee", kwa sababu ya mche wa sabuni.

Uhaba unazaa tabaka jipya kila mahali. Kwetu waliitwa walanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi. Watu wakatupa bidhaa usiku, wengine baharini, wasikamatwe nazo. Kwa wiki chache wananchi walishangilia. Kisha maduka yakawa matupu zaidi, kwa sababu huyo mlanguzi, pamoja na dhambi zake, ndiye aliyekuwa akileta mzigo.

Siasa za ndani zilibadilikaje?

Taratibu, na kupitia hazina. Mwaka 1979, katika mvutano juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, Waziri wa Fedha Edwin Mtei alijiuzulu. Aliona shilingi lazima ishushwe thamani, na Nyerere hakukubali kuamuliwa na watu wa Washington. Mvutano huo uliendelea miaka saba. Bajeti ya 1984, chini ya Cleopa Msuya, ililegeza uingizaji wa bidhaa kwa mtu mwenye fedha zake za kigeni. Mwaka 1985 Nyerere akang'atuka, Ali Hassan Mwinyi akaingia, na 1986 mkataba na shirika lile ukasainiwa. Wananchi walimwita Mwinyi "Mzee Ruksa".

Huwezi kuchora mstari mnyoofu kutoka Mutukula, pale mpakani, hadi soko huria. Ila nchi isiyo na akiba hujadiliana ikiwa imepiga magoti, na akiba yetu ilikuwa imeteketea njia ya Masaka. Na Mtei? Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, alikuwa mwanzilishi wa CHADEMA.

Afrika ilisema nini?

Ilitukunjia uso. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na kanuni kwamba mipaka ya mkoloni isiguswe na nchi isiingilie mambo ya nyingine. Kinachochekesha ni kwamba azimio la mipaka, Cairo 1964, lilisukumwa na Nyerere mwenyewe. Amin alipoimega Kagera, umoja ulitaka usuluhishi bila kumkemea waziwazi. Tulipofika Kampala, kwenye mkutano wa Monrovia wa Julai 1979 tulilaumiwa na Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria.

Linganisha na Vietnam, ambayo Januari mwaka huohuo ilimwondoa Pol Pot kule Kambodia. Yenyewe iliadhibiwa kwa vikwazo miaka mingi. Sisi hatukuadhibiwa, ila pia hatukusaidiwa. Wengi walifurahi kimyakimya kwamba Amin ameondoka, na ankara wakatuachia sisi.

Uganda ilipata nafuu baada ya kukombolewa?

Siku za mwanzo watu wa Kampala walicheza barabarani, na askari wetu waliitwa *bakombozi*. Lakini mji uliporwa, na waporaji wengi walikuwa raia wenyewe. Miji ya Masaka na Mbarara ilikuwa imebomolewa na jeshi letu kwa kisasi cha Kagera. Hili hatulisimulii sana kwenye sherehe, na naona tulisimulie.

Uchumi wenyewe ulikuwa umekufa kabla. Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yao akawagawia wanajeshi na marafiki walioitwa "mafuta mingi", wengi wao wasiojua hata bei ya jumla ya shati walilokuwa wakiliuza. Biashara halisi ikawa magendo. Oktoba 1978 Marekani ikapiga marufuku kahawa ya Uganda, ambayo ndiyo ilikuwa ikimlipia Amin jeshi.

Siasa ndiyo ilikuwa balaa. Baada ya mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, uliofanyika Moshi Machi 1979, Yusuf Lule alikuwa rais kwa siku 68. Godfrey Binaisa hakumaliza mwaka. Kura za Desemba 1980 zilimrudisha Obote huku wapinzani wakisema zimeibwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Aliitwaa Kampala Januari 1986. Miaka ile ya vita vya msituni vya Luwero iliua Waganda wengi kuliko vita vyenyewe vya kumwondoa Amin.

Kenya ilikuwa wapi?

Ilikaa pembeni, na biashara iliendelea. Hata kabla ya vita, kahawa ya Uganda ilivuka kwa magendo hadi soko la Chepkube, upande wa Bungoma, na kuna waliotajirika pale ndani ya msimu mmoja. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, kwa hiyo wakati sisi tukipanga mawe kwenye foleni, sabuni ya Nairobi ilitufikia kupitia njia za panya, kwa bei ya mlanguzi.

Bunduki zote zile zilikwenda wapi?

Swali zuri, na jibu lake liko mbali na Kagera. Askari wa Amin walipokimbia kaskazini mwaka 1979, waliacha ghala la silaha la Moroto, katika Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, bila mlinzi. Wakaramoja waliingia wakabeba bunduki kwa maelfu. Wizi wa mifugo ulikuwepo tangu enzi za mababu, kwa mikuki na kwa taratibu zake, na wazee waliweza kukaa wakamaliza. Bunduki iliwaondolea wazee sauti. Mwaka 1980 Karamoja ikapata njaa mbaya: ukame ulikuwepo, lakini pia waliokosa silaha walikuwa wamenyang'anywa ng'ombe wote. Upande wa Kenya, Turkana na Pokot nao wakatafuta bunduki ili wajilinde.

Kijana wa Turkana aliyeuawa kwenye uvamizi mwaka 1990 hakuwa amezaliwa wakati wa Vita vya Kagera, au alikuwa mchanga. Mimi namhesabu.

Ni kweli vita vilileta ukimwi Kagera?

Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu, 1983. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Rakai, watu walikuwa wanakonda na kufa tangu mwaka mmoja hivi kabla. Kwetu ugonjwa uliitwa "Juliana", jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Kijana alimnunulia mchumba Juliana, na baada ya muda wote wawili wakaugua. Watu walidhani ni uchawi wa wenye mali kulipiza kisasi.

Wapo wanaosema askari ndio walioueneza. Sioni haki kuwatwika wao peke yao. Virusi vilikuwa vikisambaa kimya kabla ya 1978. Vita vilichofanya ni kuhamisha watu wengi kwa mpigo, kuvunja ndoa, na kuacha nyuma uhaba uliofanya mpaka uwe mahali pa kutafutia riziki: magendo, malori, mialo ya wavuvi, nyumba za wageni. Ugonjwa ulipita njia hizo. Matokeo yake tunayajua sote tuliokulia huko: nyumba zinazoongozwa na bibi, na wajukuu saba.

Askari wetu walikufa wangapi?

Idadi inayotajwa sana ni 373, na wengi wao hawakufa kwa risasi za adui bali kwa ajali na maradhi. Baadhi wamezikwa Kaboya, Muleba. Mgambo waliorudi wazima walirudi vijijini, kwenye jembe na kwenye foleni ileile. Ukikutana na mzee wa namna hiyo usimuulize kuhusu mapigano kwanza. Muulize kuhusu matope. Ataongea saa mbili.

Vita hivi vinahusiana na Rwanda na Kongo?

Vinahusiana kupitia watu. Miongoni mwa wapiganaji wa Museveni walikuwemo vijana wa Kitutsi waliokulia ukimbizini Uganda. Fred Rwigyema alikuwa na kikundi cha Museveni tangu harakati za kumwondoa Amin, kisha yeye na Paul Kagame wakawa msituni pamoja naye. Oktoba 1, 1990 Rwigyema aliongoza uvamizi wa Rwanda, akauawa siku za mwanzo kabisa. Mauaji ya kimbari ya 1994 yana mizizi yake mwenyewe, ya ndani na ya kikoloni, na yeyote anayekwambia "chanzo ni Kagera" anakudanganya. Lakini jeshi lililoingia Kigali Julai 1994, na lililovuka kuingia Zaire 1996, lilijifunzia kazi Uganda.

Na mwisho wa mzunguko ulitufikia sisi tena. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Ngara ni Kagera. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko Bukoba. Bei ya ndizi na maharage ikapanda, na mkulima mwenye ziada akapata mabati. Ila kibarua wa shamba akaona ujira wake unashuka, kwa sababu mkimbizi alilima kwa chakula tu. Miti ilikatwa kuni mpaka vilima vikabaki vipara. Mkoa uleule, miaka 15 tu baadaye.

Vita vya mbali, kama Ukraine, vinanihusu nini?

Muulize mkaanga maandazi. Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa wa ngano, na ngano tunayokula Tanzania sehemu kubwa inatoka nje. Baada ya Februari 2022 petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikatenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Andazi halikupanda bei pale mtaani kwangu. Lilipungua ukubwa, na muuzaji akaapa ni lilelile.

Na mpakani leo kukoje?

Mutukula, iliyosawazishwa kwa tingatinga na jeshi letu Januari 1979, sasa ina kituo cha pamoja cha forodha, na malori hupanga foleni badala ya vifaru. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linaingia nchini kupitia Missenyi, ardhi ileile ambayo Amin aliitangaza kuwa yake. Msimu wa kahawa bei ikiwa nzuri ng'ambo, pikipiki bado zinavuka usiku, taa zimezimwa, gunia moja nyuma. Mzee mmoja jirani yetu hajawahi kulaumu vijana hao. Huuliza tu wamelipwa shilingi ngapi kwa kilo.